INJINI ZA KALE SI MZIGO WA KUBAHATISHA BARABARANI

Iko mali ambayo ikivunjika leo kesho hununuliwa nyingine, na iko mali ambayo ikivunjika ndiyo basi. Injini za moshi zilizovuta treni katika Afrika Mashariki tangu zama za wazee wetu ni za namna hii ya pili. Ndiyo sababu juma hili twaliweka mbele yenu jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni hatari ya kuzipakia injini hizo juu ya malori na kuzipitisha katika barabara zetu.

Kwa nini tuseme habari hii sasa? Kwa sababu reli zetu zinabadilika. Kule Kenya treni za reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi zilianza kwenda mwaka 1917 ukiongeza miaka 100, yaani 2017. Hapa Tanzania treni za umeme zilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro mwezi wa Juni 2024, na kabla ya mwaka huo kwisha zikawa zinafika Dodoma. Haya ni maendeleo, nasi twayafurahia. Lakini reli mpya ina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. Reli ya zamani ina milimita 1,000. Na reli ya TAZARA ina milimita 1,067. Injini iliyotengenezwa kwa upana mmoja haiwezi kupita juu ya mwingine. Mwalimu yeyote aweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa vijiti vitatu na rula.

Maana yake ni hii: injini ya kale iliyosimama katika stesheni ya reli ya zamani, na njia yake ya kando ikang'olewa, haina tena mahali pa kupita ila barabarani. Karakana zitafungwa, viwanja vya stesheni vitajengwa maduka na maghala, na siku moja mtu ataagiza kwamba chuma kile kikubwa kiondolewe. Ataitwa mwenye lori. Ni afadhali tuyaseme ya kusema kabla ya siku hiyo, wala tusingoje kuyasema juu ya mabaki.

Kwanza tukumbushane hizi injini ni mali ya nani. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Reli ya kutoka Mombasa ilianza mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Waliozijenga hawakuzijenga kwa faida yetu; hilo kila mwanachama analijua. Lakini waliochimba tuta, waliobeba mataruma, waliochochea moto usiku wa manane na waliokaza nati katika karakana za Tabora na Nairobi, hao walikuwa ndugu zetu, Waafrika pamoja na Wahindi walioletwa kwa kazi hiyo. Wengi walizikwa kando ya njia. Jasho lao halina sanamu mjini. Ukumbusho wao ni vyuma hivi.

Na vyuma vyenyewe si vya kawaida. Kati ya mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, kiliitengenezea Reli ya Afrika Mashariki injini 34 za aina ya Garratt, za daraja la 59. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 ikiwa na maji na mafuta yake, nazo zilihesabiwa kuwa injini kubwa na zenye nguvu kuliko zote duniani zilizopata kufanya kazi katika reli ya upana wa mita moja. Zilipewa majina ya milima yetu. Mbili kati yake zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi, ambayo yalianzishwa mwaka 1971: moja yaitwa Mount Gelai, nyingine Mount Shengena. Gelai ni mlima wa Arusha, na Shengena ni wa Upare. Shirika la pamoja lilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na kilichokuwa upande wake wa mpaka. Kwa hiyo majina ya milima ya Tanzania yanasomwa Nairobi mpaka leo.

Kiwanda kile cha Manchester kilifungwa mwaka 1966. Kile cha North British cha Glasgow, kilichotengeneza injini 31 za daraja la 29 zilizopewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, kilifungwa mwaka 1962. Hapana mahali pa kuandikia barua kuomba nyingine. Injini ikianguka kutoka juu ya trela katika mteremko, haina vipuri wala ndugu dukani.

Wako watakaosema, "Basi ziacheni zilipo, zisiguswe." Sisi hatukubaliani nao. Injini iliyoachwa porini hufa pia, ila hufa polepole. Mvua huingia katika boila, kutu hula bamba, na mwizi wa shaba huja usiku na msumeno. Tena mtoto wa shule wa Mwanza au wa Kigoma ana haki ya kuona kwa macho yake chombo alichokiendesha babu yake, wala si haki kwamba aione picha tu. Kuhamisha kwaweza kuwa kuokoa. Swali letu ni jinsi ya kuhamisha, na nani atajibu mambo yakiharibika.

Sasa tufanye hesabu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 juu ya uzito wa magari imeweka mwisho wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Zaidi ya hapo lazima kibali cha pekee. Garratt ya tani 252 ni zaidi ya mara nne ya kipimo hicho, na bado hatujahesabu trela wala lori la kuvuta. Kwa bahati njema injini ya Garratt imeundwa kwa sehemu tatu: boila katikati, na seti ya magurudumu mbele na nyuma. Zaweza kutenganishwa. Lakini kutenganisha ni kazi ya mafundi wanaojua, si ya vijana wenye nyundo na tochi ya kukatia vyuma. Mkato mmoja wa moto katika fremu, uliofanywa ili kupunguza siku mbili za kazi, huifanya injini kuwa chuma chakavu hata kabla haijapanda trela.

Uzito peke yake si hatari yote. Iko pia habari ya kimo. Tuseme injini ina mita 3.8 kutoka chini ya gurudumu mpaka ncha ya dohani, na sakafu ya trela iko mita 0.9 kutoka barabarani. Jumla ni mita 4.7. Mbele kuna daraja lenye kibao cha mita 4.6. Ni tofauti ya sentimita 10, upana wa kiganja cha mtu, nayo yatosha kung'oa dohani, kuponda paa la kibanda cha dereva na kulitikisa daraja lenyewe ambalo juu yake watu hupita. Na kibao hicho huenda kiliandikwa kabla barabara haijawekwa lami mpya, kwa hiyo kimo kimepungua wala hapana aliyebadilisha namba. Ongeza nyaya za umeme na za simu zilizolegea kati ya nguzo na nguzo. Asiyepita njia nzima kwanza na kipimo mkononi, mchana, hajajiandaa.

Tena tutazame namna injini inavyosimama. Katika reli yetu ya zamani magurudumu yako umbali wa mita moja tu, lakini mwili wake hutanuka huku na huku, na boila lililo zito liko juu. Ni kama mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani huku miguu ameibana pamoja. Penye tambarare atakwenda. Penye kona, au penye barabara iliyoinama upande ili kumwaga maji ya mvua, ndoo humvuta. Sasa mwinue mama huyo juu ya meza inayotembea, ndipo utakapoelewa kazi ya dereva wa trela katika kona za Kitonga. Kingo za barabara zetu wakati wa masika ni laini. Gurudumu la trela likitoka nje ya lami hatua moja, mzigo huanza kulala, na mzigo wa tani nyingi ukianza kulala hapana mtu wa kuusimamisha kwa mikono. Makalavati nayo yalijengwa kwa magari ya kawaida; yaliyopasuka chini hayaonekani na aliye juu.

Hatari nyingine imo ndani ya injini yenyewe. Injini iliyosimama miaka 40 si ile iliyozimwa moto jana. Vikombe vya ekseli vimekauka na kushikana. Ukiivuta kwa winchi ipande trela, gurudumu halizunguki bali laburuzwa, na ndoano ya kuvutia iliyoliwa na kutu yaweza kukatika ghafla. Kamba ya chuma ikikatika hurudi kama mjeledi, na aliyesimama karibu hapati nafasi ya kukimbia. Maji yaliyobaki ndani ya boila au tangi hucheza wakati wa kwenda na kuongeza uyumbaji. Springi zilizoundwa kwa reli nyororo hupanda na kushuka katika mashimo ya barabara, na kila zinaposhuka minyororo iliyokazwa hulegea. Kwa hiyo minyororo hufungwa kwenye fremu, wala si kwenye mabomba au vyuma vya kusukumia magurudumu. Springi huzuiwa kwa vipande vya mbao. Magurudumu hukalishwa juu ya reli zilizofungwa katika sakafu ya trela na kuwekewa kabari. Na msafara husimama kila baada ya mwendo mfupi ili minyororo ikaguliwe. Tena boila nyingi za kale zilifunikwa kwa asbesto ili zisipoteze joto. Bamba la nje likipasuka kwa mtikisiko, vumbi lake huingia mapafuni mwa utingo na mwa watoto wanaokimbilia kuona ajabu inayopita. Madhara yake huonekana baada ya miaka mingi, wakati hapana tena anayeikumbuka safari ile.

Yako mafunzo kutoka nje ambayo hatuna haja ya kuyanunua tena kwa damu yetu. Tarehe 6 Januari 1968, mahali paitwapo Hixon katika Uingereza, trela kubwa lililochukua transfoma ya umeme ya tani 120 lilikuwa likivuka reli polepole. Halikuwa limechukua injini ya treni, lakini mzigo wake ulikuwa wa namna moja na huu tunaousema. Askari wa polisi walikuwa wakiliongoza. Vizuizi vya pale vilikuwa vya kujishusha vyenyewe, na toka taa za hatari kuwaka mpaka treni kufika ulikuwa muda wa sekunde 24 tu. Trela lile, kwa mwendo wake wa kutambaa, lisingeweza kuvuka kwa muda huo. Treni ya haraka ya kwenda London ililigonga, na watu 11 walikufa.

Tuzingatie jambo hili vizuri. Kibali kilikuwapo. Askari walikuwapo. Hata simu ya kumwuliza mwongoza treni ilikuwapo kando ya njia. Lakini wajibu wa kupiga simu hiyo kabla ya kuvuka haukueleweka kwa watu waliopaswa kuutimiza. Makaratasi yalitoka ofisini bila neno lililohitajika zaidi. Sisi tunao watu wengi wenye mihuri. Twauliza: ni wangapi kati yao watakaokwenda kusimama penye kivuko cha reli na saa mkononi, wakahesabu sekunde ambazo trela linahitaji?

Uko pia mfano wa kazi iliyofanywa kwa akili. Mwaka 2012 Waingereza walitaka kuzikusanya pamoja injini 6 zilizosalia za aina ya ile iitwayo Mallard. Mbili zilikuwa ng'ambo, moja Marekani na moja Kanada. Injini moja peke yake, bila gari lake la makaa na maji, ina zaidi ya tani 100. Zilivushwa bahari mpaka Liverpool mwezi wa Oktoba, zikachukuliwa kwa barabara juu ya matrela maalum, zikaonyeshwa kwa watu mwaka 2013, na mwaka 2014 zikarudishwa makwao. Hazikuanguka, kwa sababu waliozihamisha walikuwa watu wa kazi hiyo, wenye vyombo vya kazi hiyo, na walipewa muda.

Na Wamarekani wametufundisha jambo lililo kubwa zaidi, yaani kujua wakati wa kuikataa barabara. Injini yao iitwayo Big Boy, namba 4014, ina zaidi ya tani 500 pamoja na gari lake la makaa na maji. Ilikuwa imesimama kwa miaka mingi katika uwanja wa maonyesho wa Pomona, California, mbali na reli. Walipotaka kuitoa hawakutafuta trela. Walitandika vipande vya reli ya muda juu ya uwanja wa kuegesha magari, wakaivuta juu yake, wakakiondoa kipande cha nyuma na kukileta mbele, hivyo hivyo, mpaka ikafika kwenye reli ya kweli. Iliondoka pale mwaka 2014, na mwaka 2019 ikawashwa moto na kutembea yenyewe. Kama nchi yenye malori makubwa kuliko yetu iliona kwamba reli ya muda ni afadhali, sisi tunakimbilia wapi?

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Twaogopa zaidi zabuni kuliko barabara. Kazi ikitangazwa na kupewa mwenye bei ndogo, yeye atapunguza wapi? Atapunguza siku za kukagua njia, idadi ya minyororo, na mafundi. Na bima, kama ataikata, ataikata kwa bei ya chuma kwa kilo, kwa kuwa hapana aliyemwambia thamani nyingine. Siku ya ajali atalipa pesa hizo na kwenda zake, nasi tutabaki na rundo. Wako pia wasioomba dua safari ifike salama. Injini iliyovunjika huuzwa kwa urahisi kuliko iliyo nzima, kwani hapana atakayelalamika vipande vikipelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa hiyo twasema wazi wazi yanayopasa kufanywa.

Kwanza, injini zote za kale ziandikwe katika daftari moja la taifa: namba, jina, mahali zilipo na hali zake, pamoja na picha. Kisichoandikwa huibiwa bila kelele.

Pili, maadamu reli ya zamani ipo na inafika, injini ipite juu ya reli, kwa mwendo mdogo, baada ya mafundi kuikagua. Njia ya kando isiyotumika isingolewe mpaka injini iliyomo imekwisha kutolewa.

Tatu, pakiwa hapana njia ila barabara, njia nzima ipimwe kwanza: kimo cha madaraja na nyaya, nguvu ya makalavati, ukali wa kona na miteremko. Penye kivuko cha reli, mwongoza treni ajulishwe kwa simu na akubali kwa neno lake mwenyewe kabla gurudumu la kwanza halijakanyaga chuma. Safari ifanywe wakati wa kiangazi, na mchana.

Nne, madereva wa zamani wa injini za moshi na mafundi wa karakana walio hai waitwe. Ni wazee, na wengi wako vijijini bila kukumbukwa. Wao ndio wanaojua mahali pa kufunga mnyororo na mahali pasipoguswa. Walipwe kama mabingwa, wala wasialikwe kupigwa picha tu.

Tano, kabla ya safari, vibao vya majina, saa za mvuke na kila kitu cha shaba vifunguliwe, viandikwe na vikabidhiwe kwa sahihi. Thamani ya injini katika bima iwekwe na watu wa makumbusho, si na mwenye lori. Na jina la mtu mmoja, si la kamati, liandikwe kuwa ndiye mwenye kujibu.

Wanachama wa matawi yaliyo kandokando ya reli wana kazi pia. Nendeni mkaangalie stesheni zenu. Ikiwa imesimama injini, andikeni namba yake na mlete habari mkutanoni. Mkiona winchi na trela vimefika bila taarifa, ulizeni kibali kiko wapi na injini inapelekwa wapi. Kuuliza si fujo. Ni haki ya mwenye mali. Na mkijibiwa kwamba ni amri kutoka juu, ombeni amri hiyo kwa maandishi.

Wazee wetu waliibeba reli hii mabegani, taruma kwa taruma, wala hawakuulizwa kama wanapenda. Sisi tunaulizwa jambo jepesi mno: kuvihamisha vyuma vyao bila ya kuviangusha.